Nikiachana na Bwana Wangu, Ndugu Yangu Atarudishwa Kutoka Ng'ambo

Msomaji huyu wa Thika ametuomba tufiche jina lake na la kiwanda anachofanyia kazi bwana wake. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, nimeolewa hapa Thika na nina mtoto mmoja wa kike. Wazazi wangu walitoka magharibi mwa nchi kutafuta kazi, na hadi leo baba ni mnyapara katika shamba la kahawa huko Ruiru. Naandika nikiwa nimechoka, kwa hivyo mkiona nina ukali mnisamehe.

Ndugu yangu anayenifuata alipata nafasi ya chuo ng'ambo. Kanisa zima lilifurahi, akina mama wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Kisha tukaambiwa viza haitolewi bila mdhamini mwenye mshahara wa kutosha wa kila mwezi, ulioandikwa na mwajiri na kupigwa muhuri, na kila mwaka mdhamini huyo aweke sahihi upya. Baba alikwenda Nairobi mwenyewe kueleza habari ya ng'ombe wake walioko nyumbani. "Ng'ombe yangu inazaa kila mwaka," alimwambia ofisa wa viza. "Mshahara inazaa?" Ofisa alicheka, akamwambia alete mtu wa mshahara.

Mtu wa mshahara tuliyemjua alikuwa mmoja tu, karani wa kiwanda anayesali nasi. Alikuwa ameniposa mara mbili nikamkataa, maana sikumpenda, na sioni haya kusema hivyo. Baba alipomwendea, alijibu kwa upole kabisa: "Mzee, kwa mtu baki siwezi kuweka sahihi. Kwa shemeji yangu naweza." Hakuna aliyenilazimisha. Mama alianza tu kunipikia vizuri, na ndugu yangu akaacha kuniangalia machoni. Mwishowe nilikubali. Arusi ilikuwa Jumamosi, sahihi ikawekwa Jumatatu.

Bwana wangu ananipiga. Chumvi ikizidi, mtoto akilia, nikichelewa kutoka sokoni. Akimaliza huketi na kuniambia, bila hata kupandisha sauti, "Unaweza kwenda. Lakini ujue ndugu yako atakufuata." Mwaka jana nilitoroka na mtoto mgongoni mpaka Ruiru. Baba alinirudisha siku ileile. Baba huyu ambaye vibarua wakimwona wanaacha gumzo, alisimama mlangoni kwa mkwe wake, kofia mkononi, akiomba msamaha kwa niaba yangu. Hilo liliniuma kuliko kupigwa.

Nikajikaza. Nilijiambia masomo yanaisha mwaka huu, ndugu yangu atarudi na digrii yake, na mimi nitafunga mizigo yangu. Ni wazo hilo tu lililokuwa likinitoa kitandani asubuhi.

Juma lililopita mama alikuja kututembelea na kuku mkononi, anacheka peke yake. Ndugu yangu ameandika kwamba amefaulu sana na walimu wanataka abaki asomee digrii ya pili, miaka mitatu mingine. Anamwomba shemeji aendelee kumdhamini, na mimi nimsemee vizuri. Mama aliona alama shingoni mwangu. Najua aliiona, kwa sababu alinivutia leso akaifunika.

"Mama, na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe uko na nyumba, uko na bwana," akasema. "Ndugu yako hana kitu. Usiharibie mtoto maisha."

Bwana wangu alipopata habari alitabasamu, akasema mama mkwe asiondoke kabla ya kula. Karatasi ya udhamini inatakiwa mwisho wa mwezi huu. Nikiondoka, ndugu yangu atarudishwa na ukoo mzima utaniita mchawi. Nikibaki, sijui kama nitaimaliza hiyo miaka mitatu nikiwa mzima. Na bwana wangu ameshaniambia kwamba siku ya kuweka sahihi ni mimi nitakayepiga magoti kumwomba, mbele ya baba. Ndugu wasomaji, nishaurini, nifanye nini?