Nyumba ya Mayai ya Karekezi

Kila asubuhi Karekezi alivaa koti lake la biashara, akamuaga mkewe kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, akashuka barabarani kama mtu anayekwenda mpakani kuvusha mayai. Akifika kona ya chini, pale ambapo watu wa mtaani kwake hawamwoni tena, alidandia pikipiki ya kwenda Nyamyumba. Huko, kando ya ziwa, kuna chemchemi ya maji ya moto ambako wazee huloweka miguu inayouma. Karekezi hakuwa na mguu unaouma, lakini alikunja suruali mpaka magotini akakaa nao, akipewa pole na kutajiwa majina ya dawa na watu wasiomjua. Saa ya watu kurudi kutoka Goma, naye alirudi kwake, ananuka maji ya chemchemi.

Zamani hakuwa hivyo. Miaka mingi alivusha trei za mayai kwa Petite Barrière, ule mpaka mdogo kati ya Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo, wenye msongamano wa wachuuzi na wabeba mizigo, na Goma ilikuwa inakula mayai kama haina kazi nyingine. Watu wakamwita Karekezi wa Mayai, na jina likamkaa vizuri. Alikuwa amepanga vyumba nyuma ya duka, analala usingizi mzuri, hadi siku ya harusi moja ambapo mwenye nyumba alimtambulisha Mwiza, mke wa Karekezi, mbele ya wageni: huyu ni mpangaji wangu. Karekezi alichemka. Msimu huohuo akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba.

Hakujiuliza kama ulikuwa wakati wa kununua. Bei zilikuwa juu kuliko alivyowahi kuzisikia, kwa sababu kila aliyeshika pesa ya Goma alitaka nyumba, na mwenye busara angengoja. Mtu wa benki alipomuuliza kama biashara yake itadumu, alicheka. "Wakongomani wataacha kukula mayai?" akasema, kisha akatia sahihi, na Mwiza akatia yake. Ndivyo alivyopata nyumba ya mtaa wa juu, yenye baraza inayotazama ziwa.

Mnyarwanda hahamii nyumba kimyakimya. Huita ndugu na majirani waje kuitaha, wale, wanywe, waibariki, na mwenyeji husimama akasema neno. Karekezi alisimama akasema mengi. Kichwa kilikuwa kimevimba, soda zilikuwa tele, mama yake mzazi, bibi Umurerwa, alikuwa amekaa mbele na kitenge kipya, na maneno yakamtoka: "Hii nyumba imenunuliwa na mayai. Sina deni ya mutu." Watu wakapiga makofi. Mwiza, aliyejua, akatazama viatu vyake. Neno moja la kujisifu, na kuanzia hapo Karekezi akawa mlinzi wa neno hilo usiku na mchana.

Halafu vita vikafika Goma. Benki za upande ule zikafunga milango, wateja wakabaki mikono mitupu, na mpaka ukawa unafungwa mapema. Mayai yakaenda kwa mkopo, kisha hayakwenda kabisa. Malipo ya kwanza ya nyumba yakampita, ya pili yakafuata, na maji yakamfika shingoni.

Benki yenyewe haikuwa na roho mbaya. Ilitangaza kwamba wote walioumizwa na mambo ya mpakani waje waelewane upya: nusu mwaka walipe riba peke yake, na deni litandazwe kwa miaka zaidi. Sharti lilikuwa moja, mwenye deni aje mwenyewe, aseme hali yake, kabla mwezi haujaisha. Asiyekuja, nyumba yake itapigwa mnada. Msichana wa benki, Munezero, alimpigia simu mara nyingi. Karekezi aliweka simu mezani akaitazama inavyotetemeka mpaka inyamaze.

Alikwenda mara moja tu. Alifika mpaka ndani, na kwenye benchi la wanaongoja akamwona Nzabonimpa, mwenzake wa mayai.

"Karekezi, na we umekuya?" Nzabonimpa akasogea kumpa nafasi. "Mi nimekuya kuomba banipunguzie. Tufanye je? Biashara imekufa."

Nafasi ilikuwa pale, upana wa makalio yake kamili. Angekaa tu. Lakini mdomo ulikwisha kufunguka. "Pole, ndugu yangu. Mi nimekuya kuweka kidogo tu."

"Mungu akubariki," Nzabonimpa akasema, wala hakuwa na kinyongo. "Bora mumoja wetu iko muzima."

Karekezi akajifanya amesahau kitu kwenye pikipiki, akatoka. Wiki iliyofuata akasikia Nzabonimpa amekubaliwa. Haya ilimshika siku nzima, na bado hakurudi benki.

Yote hayo yangeishia nyumbani kwake, yeye na mkewe, kama si Donatha. Donatha ni mdogo wake wa mwisho, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mumewe Jado ni mtu wa Goma. Walikuwa wamejibana miaka wakaweka akiba. Jioni moja alikuja na samaki wa zawadi, akaketi kwenye ile baraza.

"Yaya," akasema, kama watu wa huku wanavyomwita mkubwa wao, "Mzee Gasana anauzisha nyumba yake. Anafuata watoto wake Kigali. Bei imeanguka. Jado anasema tungoje kwanza, tuone kama mupaka itatulia. Mi naona tununue. Banque itatupa ile inabakia. We njo unajua mambo ya nyumba. Tununue sasa, ao tungoje?"

Ukimuuliza leo, Karekezi atakwambia kwamba jibu la kweli alikuwa nalo mdomoni. Mngoje. Samaki wako wanapita mpaka uleule uliokula mayai yangu. Lakini angesema mngoje, Donatha angeuliza kwa nini, na swali hilo lingefungua mlango wote.

"Nunueni," akasema. "Ukingoja, bei itapanda, utazeeka unalipa nyumba ya wengine."

"Mama amekubali kutia shamba yake ya Nyamyumba kuwa garantie."

Dhamana kwa benki. Shamba lile ndilo nyumba ya mama, migomba ya mama, na kaburi la baba yao. "Bon," akasema. "Iko muzuri."

Donatha akamshukuru. Mwiza alikuwa mlangoni na sinia la chai, akageuka nalo ndani bila kulitua.

Makubaliano yakapangwa Jumapili, nyumbani kwa Gasana. Huku, shamba au nyumba ikiuzwa, mnunuzi huleta pombe inayoitwa ya wanaume, ingawa siku hizi wanawake huinywa vilevile. Anayeinywa ni shahidi. Karatasi hufuata baadaye ofisini, lakini mtu aliyeinywa pombe ile hawezi kesho kusema hakuwepo, wala kwamba hakulijua jambo. Na wa kwanza kuinywa upande wa mnunuzi ni mkubwa wa ukoo, kwa kuwa yeye ndiye anayesema: nimetazama, nimeridhika.

Njiani Mwiza alimwambia mumewe maneno machache. "Munezero amenipigia mimi. Kesho njo mwisho."

"Nitaenda."

"Unasemaka hivyo kila siku. Na leo utaenda kukunywa?"

Karekezi akaongeza mwendo.

Gasana aliwapokea kwa shangwe. Alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake cha huko alikipenda kama wengine wanavyopenda saa ya mkononi. "Karibuni, karibuni sana, jisikieni mko nyumbani. Na kwa kweli ni nyumbani, kuanzia leo." Watu wakacheka. Bibi Umurerwa alikuwa amevaa kile kitenge cha siku ya kutaha. Kibuyu cha pombe ya ndizi kikaletwa, mrija ukatumbukizwa, na Donatha akakibeba kwa mikono miwili mpaka mbele ya kaka yake.

"Yaya, we njo mukubwa. Uanze."

Karekezi akaushika mrija. Akauinamia. Harufu tamu ya ndizi ikampanda puani, akauachia mrija.

"Tumbo yangu haiko muzuri," akasema.

Kuikataa pombe ile si sawa na kukataa chai. Uso wa Gasana ukabadilika. "Bwana Karekezi, sijapata kuona mtu akiikataa hii bila sababu. Kama nyumba yangu ina kasoro, itaje hapa mbele ya watu."

"Nyumba yako haina kasoro, Mzee."

"Basi ni mimi?"

"Yaya, unatutia haya," Donatha akasema kwa sauti ya chini, na uso ulikuwa umemshuka. Jado, mpole siku zote, akataka kuokoa jambo: "Mutu akigonjwa, anagonjwa. Mama atakunywa fasi yake. Si ni mamoja?"

"Mulete," bibi Umurerwa akasema. Akaunyoosha mkono wake, ule wenye udongo wa shamba usiotoka hata kwa sabuni, akaushika mrija akauelekeza kinywani.

Karekezi akauziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja chake.

"Mama, usikunywe." Sauti ilimtoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. "Ile nyumba yangu si yangu. Ni ya banque. Siku ya kuitaha niliwadanganya. Nilinunua na deni, na sasa nimeshindwa kulipa. Mayai imekufa zamani. Asubuhi siendi mupaka, naenda kukaa kwenye maji ya moto. Kesho nisipofika kuomba banisaidie, bataiuzisha. Na ninyi mukinunua sasa, mupaka ikiwa hivi, njo shamba ya Mama itaenda."

Mwiza alianza kulia, na hakujificha. Karekezi alisubiri kujiona mwepesi, kama watu wanavyodai mtu huwa mwepesi akishasema kweli, na hakuona wepesi wowote. Aliona haya tu. Ilimjaa mpaka masikioni, akatamani awe na mguu unaouma kweli, apate mahali pa kutazama.

Donatha akauliza polepole. "Siku ile nilikuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuambia juu ya shamba ya Mama?"

"Nilijua."

Angemkasirikia kwa makelele, ingekuwa nafuu. Donatha aliketi tu, akaipanga vizuri mikunjo ya nguo yake magotini.

Gasana ndiye aliyefuata kusema, na hasira ilikuwa bado haijamtoka, maana mauzo yake yalikuwa yameharibika mbele ya macho yake. "Nyumba yangu haijauzwa leo, hilo naliona. Lakini pombe hii imekwisha kuletwa mbele ya watu, na hairudi ilikotoka. Bwana Karekezi, inywe. Umesema kesho ni siku ya mwisho. Utakwenda, na sisi ndio mashahidi wako."

Akainywa, na machozi yakaingia mumo humo. Mama yake akainywa, akamgusa bega bila kumtazama. Akanywa Gasana, akanywa Jado, akanywa Mwiza. Kibuyu kilipofika kwa Donatha, alikipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akamrudishia mwenye nyumba bila kukigusa na mdomo.

Kesho yake Karekezi alivaa koti lilelile, na kwenye kona hakuchukua pikipiki. Ukumbi wa benki ulikuwa umejaa watu wa siku ya mwisho. Alikaa kwenye benchi, kati ya mwalimu mmoja na mwanamke wa nyanya wa mtaani kwake, wakasalimiana.

"Mzee Karekezi," Munezero akasema zamu ya Karekezi ilipofika. "Nilikupigia sana."

"Niliziona."

"Sasa mbona hukupokea?"

"Niliona haya."

Msichana akamtazama usoni, pengine hakuzoea kujibiwa hivyo. "Basi useme hali yako," akasema, na Karekezi akaisema yote, mwanamke wa nyanya akisikiliza bila kujificha. Walimkubalia. Nusu mwaka riba peke yake, na miaka ikaongezwa hivi kwamba atamaliza kulipa akiwa na mvi kichwa kizima. Yeye na Mwiza watahamia vyumba vya nyuma, na nyumba ya mbele, yenye baraza na ziwa lake, itapangishwa. Watakuwa nyuma ya nyumba ya watu, kama zamani nyuma ya duka.

Nje akampigia Donatha ampe habari. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alijua alipo: yuko sokoni, mbele ya beseni la sambaza, simu iko mapajani, anaitazama inavyotetemeka. Jambo hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote Gisenyi.

Akakumbuka sharti la benki, uje mwenyewe. Akashuka kwa miguu mpaka sokoni, akasimama nyuma ya wateja wa Donatha, akingoja zamu yake kama wengine. Donatha alimwona tangu mbali, na hakuharakisha wala hakuchelewesha. Alimhudumia wa kwanza, akamhudumia wa pili, akawarudishia chenji. Kisha Karekezi akafika mbele ya beseni.

Donatha akakishika kikombe chake cha kupimia. Akamuuliza kama anavyomuuliza mteja yeyote, na neno yaya halikuwemo.

"Nikupimie ngapi?"