Maganda Yenye Shingo Zilizoungua

Kwa miaka kumi na saba Modesta Luhaga alilipwa mshahara kwa kazi ya kukataa. Katika kiwanda cha sufuria kule Nyakato alisimama mwisho wa mstari, mhuri mkononi, na kila sufuria ilisubiri hukumu yake. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio, akapitisha dole gumba kwenye ukingo, akaigeuza. Yenye doa aliiweka kushoto. Yenye mlio mbovu, kushoto. Mameneja walikuja na kuondoka, na hakuna aliyefaulu kumfanya airudishe kulia sufuria aliyokwisha kuitenga. Mkaguzi, alikuwa akisema, hali matapishi yake.

Mwaka 1993 kiwanda kilifungwa. Wafanyakazi waliambiwa anatafutwa mwekezaji, wakaenda nyumbani kumsubiri. Modesta, mjane wa miaka arobaini na minne, alihamia Mkuyuni kwa wifi yake Odeta, dada wa marehemu mumewe, ambaye kwenye kibanda chake cha sokoni aliuza sufuria zile zile za kutoka nje zilizokiua kiwanda.

"Wewe ulikuwa unazikagua, mimi naziuza bila kuzitazama," Odeta alimwambia. "Sasa nani anamlisha nani?"

Kwa hiyo Juni ya mwaka uliofuata, Modesta aliposikia kwamba Mzee Okech wa duka la bunduki anatafuta mtu mwenye macho, hakuuliza macho ya kutazama nini. Alivaa gauni la kanisani, akatembea hadi mjini Nyamagana.

Mzee Okech alikuwa afisa wa wanyamapori mstaafu kutoka upande wa Mara, mrefu, mchache wa maneno. Biashara huria iliporuhusiwa na makampuni ya uwindaji yakaongezeka, aliomba leseni, akafungua duka, na katika chumba cha nyuma, chini ya kibali cha polisi kilichotundikwa ukutani, akawa anawajazia wawindaji risasi. Bunduki zao nyingine zilikuwa za saizi ambazo risasi zake huchukua miezi kufika Mwanza. Yeye alichukua ganda tupu la shaba, akatia kiwashio kitakoni, baruti tumboni, kichwa cha risasi mdomoni. Kwa miaka miwili alitumia maganda yaliyookotwa porini baada ya kupigwa. Sasa yalikuwa yamechoka, na alitaka kuagiza mapya.

Alimwekea Modesta, ambaye watu walimwita Mama Kija, masanduku mawili ya sampuli mezani, kutoka kwa wauzaji wawili, kila moja likiwa na maganda ishirini.

"Mama Kija, mimi najua kujaza. Kuchagua sijui. Nilioneshwa na mzungu mmoja, naye ameondoka. Ganda bovu hupasuka ndani ya bunduki. Likipasuka karibu na kitako, moto unarudi usoni kwa mpigaji, na mbele yake amesimama nyati. Msimu unaanza Julai mosi. Una wiki hii uniambie tuagize kwa nani. Ukiniridhisha, kazi ya kuyakagua yakifika ni yako."

"Wiki nzima, mzee? Nipe mpaka adhuhuri."

Hilo ndilo neno alilokuja kulijutia.

Maganda ya sanduku la kwanza yalikuwa yamefifia, na kila moja lilikuwa na alama ya kuungua kwenye shingo na mabega, rangi ya bluu iliyochanganyika na zambarau, kama kijiko kilichosahauliwa jikoni. Ya sanduku la pili yalimeremeta kuanzia mdomo hadi kitako. Ungeweza kujipakia wanja mbele yake. Modesta aliyagonga kwa ukucha yote arobaini. Hakusikia tofauti ya maana. Lakini macho hayakuhitaji msaada wa masikio. Mwaka ule kila mtu Mwanza alikuwa ameuziwa kitu kilichokwisha kutumika kwa jina la kipya: betri, matairi, hata dawa ya meno. Kitu kilichoungua kimeshapita motoni. Kushoto.

"Haya yametumika," alimwambia Mzee Okech kabla ya saa sita. "Wameyaosha wakasahau shingo. Agiza yale yanayong'aa."

Mzee aliligeuza ganda moja lenye doa, akaguna. Maganda aliyoyazoea yeye yalikuwa yameoshwa mara nyingi hata yakapoteza rangi zote. Doa kama hilo hakuwahi kuliona. Mchana ule alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya faksi karibu na posta, akatuma oda kwa wakala wa Nairobi. Maganda elfu moja, aina inayong'aa. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi Modesta alikuwa akiyarudisha maganda yaliyokataliwa sandukuni ili yarudishwe kwa muuzaji wake. Chini ya kadibodi alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa tangazo la kiwanda, kwa lugha ambayo yeye wala mzee hawakuijua. Ila picha haihitaji mkalimani. Ganda moja, limepigwa picha kubwa kwa rangi, limesimama peke yake kwenye kitambaa cheusi. Na shingo yake ilikuwa na doa la bluu na zambarau.

Alikaa chini.

Mtu hatangazi biashara yake kwa picha ya mali mbovu. Hata Odeta, ambaye angeweza kumuuzia askofu sufuria iliyotoboka, huweka mbele ile nzima. Kama doa limewekwa kwenye tangazo, basi doa ni sifa. Lakini doa la moto linakuwaje sifa?

Jibu alikuwa nalo miaka yote, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Kule Nyakato, bamba la alumini lilipokandamizwa mara ya kwanza lilikuwa gumu. Kabla ya kukandamizwa mara ya pili lilipitishwa kwenye tanuri ili lilainike. Bila hivyo lilichanika ukingoni. Alumini haibaki na rangi ya moto, kwa hiyo sufuria ilimfikia mwisho wa mstari nyeupe, na yeye hakuwahi kufikiria kwamba kila aliyoipigia mhuri ilikuwa imepita motoni. Shingo ya ganda nayo hubanwa ili ishike kichwa cha risasi. Walioiunguza walikuwa wameilainisha.

Basi yale yanayong'aa hayakulainishwa? Aliinuka, akayatazama tena. Huenda hayakulainishwa. Huenda yalilainishwa, kisha yakasuguliwa kuondoa doa, ili kumpendeza mtu kama yeye. Kwa macho hakukuwa na namna ya kujua. Miaka kumi na saba ya macho, na sasa yalikuwa hayamwambii kitu.

"Mzee, ile mizani yako ndogo inatumika?"

"Inatumika kupimia baruti. Vipimo vyake vya kigeni, hutavielewa."

"Hata ingekuwa inapima kwa punje za maharage. Nataka kujua lipi limezidi lipi, basi."

Alipima siku nzima, ganda moja baada ya jingine, akiandika kwenye daftari. Alhamisi akachukua maikromita, kifaa alichokijua vizuri, akapima unene wa shingo kila upande. Mchana alitumia kioo cha kukuzia kutazama kitundu cha katikati ya kitako, kinachopitisha moto kuelekea kwenye baruti. Alitarajia daftari litamtoa gizani. Likamtoa nusu.

Maganda yenye doa, toka jepesi hadi zito, yalipishana alama mbili tu za mizani. Yanayong'aa yalipishana kumi na moja, na saba kati ya ishirini yalikuwa na shingo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Hapo jambo lilikuwa wazi. Lakini matatu yenye doa yalikuwa na ncha za shaba zilizochomoza kwenye kitundu, jambo ambalo hakuliona hata kwenye ganda moja linalong'aa. Na matano yanayong'aa hayakuwa na kasoro yoyote. Yangeweza kulala sanduku moja na mazuri ya kule. Kiwandani kitu kilikuwa kulia au kushoto. Hapa meza ilikuwa imejaa vitu vya katikati.

Jioni hiyo alimweleza Odeta wakiwa wanachambua mchicha.

"Kaa kimya," Odeta alisema. "Oda imeshakwenda. Yakifika, yanang'aa, mzee anafurahi, wewe unapata kazi."

"Na likipasuka?"

"Ulilipasua wewe?"

"Wifi, nililichagua mimi."

"Lo! Wewe kazi ilikukimbia, na sasa inarudi unaifungia mlango." Odeta alitupa shina la mchicha. "Mwambie, basi. Uso huo siwezi kuutazama mwezi mzima."

Ijumaa asubuhi Modesta aliingia dukani na daftari kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mbona mapema?"

"Nilikosea."

Alimsomea yote bila kupumzika, uzito, unene, vitundu, mpaka ile picha. Alipomaliza, mzee aliokota ganda lenye doa, akalishika mbele ya dirisha.

"Jumanne ulisema adhuhuri ingekutosha."

"Nilisema."

"Kwa hiyo yenye doa ndiyo mazuri."

"Haya ishirini, mengi ni mazuri. Ila doa silo linaloyafanya mazuri."

"Na yanayong'aa ni mabaya."

"Mengine. Si yote. Hayo yanayokuja sijayaona, mzee. Siwezi kuyasema."

"Mama Kija, nilitafuta mtu wa kunipunguzia maswali." Alifungua droo, akatoa karatasi ya faksi iliyojikunja. "Wakala amejibu jana. Mzigo umeshaondoka Nairobi. Elfu moja. Hayarudi."

Nje mtu alikuwa akipigia honi mkokoteni wa maji.

"Yanafika Jumatatu," mzee aliendelea. "Utayapima yote, moja moja, kama ulivyofanya. Likipita, liandike. Lisipopita, lipige nyundo mbele yangu, nisije nikalionea huruma. Mpaka Julai mosi."

"Kwa hiyo kazi nimepata?"

"Sijasema hivyo."

"Umenifukuza?"

"Hilo nalo sijalisema. Ungechagua vizuri Jumanne, nisingekuwa na kazi ya maana ya kukupa. Njoo Jumatatu saa mbili."

Alirudi Mkuyuni kwa miguu, akajaribu njia nzima kulipanga jambo hilo likae sawa, na halikukaa. Kama asingekosea, mzigo mzuri ungekuja, ungehitaji kutazamwa siku mbili tatu, na angeagwa kwa asante. Kama asingesema kwamba amekosea, angepewa kazi kwa mali ambayo ingemuumbua. Amekosea, amekiri, na matokeo yake ana maganda elfu moja ya kupima. Hakujua kama hiyo ni adhabu au ajira.

Odeta alikuwa akifunga kibanda.

"Enhe? Umepata?"

"Nimeambiwa niende Jumatatu."

"Kama mwajiriwa au kama mshtakiwa?"

Modesta alishika ncha moja ya turubai kumsaidia kukunja.

"Sikuuliza," alisema.