Damu ya Saa Mbili

Shemeji yangu alikuwa fundi vigae, na mtaa mzima ulimwita Pimamaji, kwa sababu ukimwaga maji kwenye sakafu yake hayaelekei popote. Alikuwa mkali. Kigae kikikaa upande alikibandua, mwenye nyumba atake asitake.

Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika uti wa mgongo. Miaka minne akaishi kwa vidonge vikali vya maumivu, vya ukoo wa afyuni. Maumivu yalitulia, naye akatulia kupita kiasi. Chakula hakimpendezi, akisimama kizunguzungu, asubuhi haamki. Dada yangu, mkewe, alimwita gunia. Mimi ninayefanya kazi maabara nilicheka, na sijisamehe.

Daktari ndiye aliyeshtuka. Alinieleza kwamba mwili hujitengenezea kemikali zinazofanana na vidonge hivyo, kidogo tu, za kuutuliza ubongo usizisumbue ovyo tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo hutoa homoni ya kukabili shida. Ndiyo inayomwamsha mtu, ndiyo inayombeba akiugua. Kwa vidonge vya miaka minne, ubongo wa Pimamaji huenda umetulizwa mno, na tezi zake zimelala fofofo. Apimwe damu saa mbili asubuhi, wakati homoni hiyo huwa juu.

Alifika kwangu maabara saa tisa alasiri, amejishikilia ukutani.

"Shemeji, saa hizi sichukui damu. Mchana homoni hushuka hata kwa mzima. Rudi kesho."

"Nimejitahidi, shem. Miguu haitaki."

"Basi lala mapema."

Siku ya pili alifika saa saba. Ya tatu, saa nane. Nikamfokea mbele ya wagonjwa, eti utaratibu ni utaratibu. Mtu aliyeletwa kwangu kwa sababu hawezi kuamka, nilimrudisha kwa sababu hakuamka!

Siku ya nne alishikwa na mafua, mafua haya haya ya kupenga kamasi. Mwili haukuwa na cha kupigania. Shinikizo la damu likaporomoka, na kufikia jioni tulikuwa tumempoteza.

Baada ya mazishi dada alinikalisha jikoni kwake.

"Hivi ungeichukua ile damu ya mchana, isingeonyesha kitu?"

Ningeweza kumpa maneno ya viwango na chati. Hajui mambo hayo, angeniamini.

"Ingeonyesha," nilisema. "Homoni yake ingekuwa chini mno, saa yoyote."

Akainuka, akanifungulia mlango.