Asubuhi ya Kutema Hasira

Nilipokuwa mtoto kwetu Rungwe, hakuna kitu kilichoogopwa kama mtu aliyenuna kimyakimya. Wazee waliamini kinyongo cha ndugu kikikaa moyoni bila kusemwa kinamletea mwenzake ugonjwa, na kama ni bibi harusi, kinamfunga uzazi. Ndiyo maana siku dada yangu Tusekile anaondoka kuolewa Mafinga, bibi yetu alitukusanya jikoni asubuhi na kikombe cha maji. Kila mtu aseme alichomkasirikia dada, kisha atie funda la maji mdomoni na kulitema chini, yaishe.

Mama alisema alivyojibiwa vibaya mbele ya wageni, akatema. Baba, mzee wa kanisa aliyetuambia kila siku kwamba mambo hayo ni ya kizamani, zamu yake ilipofika alitema vizuri tu, tena mara mbili.

Mimi nilikuwa darasa la pili, na wiki nzima nilikuwa mbogo. Nilikataa kula na dada, nikamfichia kanga, nikamwambia kwamba mchumba wake ana masikio makubwa. Basi nikajua mwenye kinyongo ni mimi, na nisipokitoa chote dada hatazaa. Jamani, niliogopa.

Nikasema nimekasirika kwa sababu alivaa sweta langu akalitanua. Nikatema. Kifua kikabaki kizito vilevile. Bibi aliniangalia usoni, akanipa tena kikombe. Nikasema alinizaba kofi tulipokuwa tunachuma chai. Nikatema. Wapi! Nje kina shemeji walishaanza kupiga honi, na mimi nikaanza kulia, maana niliona namharibia dada maisha na wala sijui namharibia kwa kitu gani.

Bibi akaninong'oneza, "Akishaondoka, leo jioni utafanya nini?"

Nikakifikiria kitanda chetu. "Nitalala peke yangu," nikasema.

"Hiyo siyo hasira, mjukuu wangu. Ni huzuni, na huzuni haimfungi mtu. Haya maji usiyateme, yanywe."

Nikayanywa yote. Dada akanivuta kifuani, tukalia mpaka poda yake ikaharibika na mama akaanza kutugombeza. Kisha akapanda gari, akaenda.

Dada leo ana watoto wanne, na siwezi kuapa kwamba yale maji yanahusika. Wala mimi sikugeuka mpole; waulize majirani zangu hapa Mwanjelwa ninapouza vitenge. Juzi binti yangu alikuwa anafunga mizigo kwenda chuo Iringa, nikamfokea tangu alfajiri. Mara shuka hazikukunjwa, mara hajui kutunza vitu, mara simu, simu, simu. Mwishowe akakaa kitandani akaniuliza, "Mama, nimekukosea nini?"

Nikataka kumjibu haraka, nikajizuia. Nikalitafuta kosa lake moyoni mwangu, sikuliona.

"Hujanikosea," nikamwambia. "Naumia tu kwamba unaondoka."

Alinishangaa, maana hajazoea kusikia maneno hayo kwangu. Nikakaa pembeni yake, nikamsaidia kukunja zile shuka. Nilikuwa nawafikiria watu wote niliowahi kuwafokea maishani, na wengi wao walikuwa ni wale niliokuwa naogopa kuwakosa.