Chonge za Mutalemwa

Nilipokuwa mtoto, kwetu Buganguzi, mtoto mchanga akiharisha hakuna aliyeuliza amekunywa maji gani. Alifunguliwa mdomo. Bibi alipitisha kidole kwenye ufizi, na akikuta pamevimba pale zinapoota chonge, alitikisa kichwa: ana meno ya nailoni. Hayo, tuliambiwa, si meno ya mtu. Yanaota ndani kwa ndani, meupe, laini, yanamla mtoto mpaka anakwisha. Dawa ni moja tu, yatolewe.

Mdogo wangu Mutalemwa yalimpata hajaanza hata kukaa. Aliharisha, akachemka homa, akakataa ziwa. Mama alitaka kumpeleka kwa daktari wa meno, lakini daktari wa meno alikuwa Bukoba mjini na gari lilikuwa limeshapita. Mtoa meno alikuwa ng'ambo ya kibanja chetu cha migomba tu. Alikuwa mama mzee, mpole, watoto wote tulimpenda kwa sababu alitugawia ndizi mbivu.

Alikuja na spoku ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe. Akaipitisha kwenye moto wa jikoni, akaifuta kwa kanga yake. Mama akampakata mtoto, Bibi akashika kichwa, mimi nikapewa miguu. Sitaeleza yote. Nasema tu kwamba miguu ile ilikuwa midogo, na bado ilinishinda nguvu.

Vile vilivyotoka viliwekwa kwenye jani la mgomba, vyeupe, kama mbegu za boga changa. Bibi akalikunja jani, akanipa.

"Kafukie kwenye shina la mgomba, kule mwisho wa kibanja. Na usiyatazame, bojo. Ukiyatazama, ya kwako yatatoka."

Nilitazama. Mtoto gani asingetazama? Nilijificha kwenye mibuni nikafungua jani. Nilitegemea kukuta kitu kama uzi wa nyavu, ndiyo nailoni niliyoijua mimi. Nikakuta kitu laini chenye ncha kwa juu. Nikafukia haraka nikarudi mbio.

Kesho yake nakula ndizi na maharage, jino langu la mbele likabaki kwenye ndizi.

Bibi akanishika kidevu, akachungulia. "Ulitazama," akasema.

Nikaziba pengo kwa ulimi.

"Sema."

"Nilitazama, waitu," nikajibu kwa adabu.

Hakunipiga. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia nimshukuru Mungu limetoka moja. Lakini haukupita muda likafuata la pili. Watoto wa jirani wakaniita kibogoyo, nikaona nastahili. Hata wenzangu wenye mapengo niliwaangalia kwa huruma, nikidhani na wao kila mmoja ana jani lake alilofungua. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Lile jino langu lilikuwa na weupe uleule wa vile vya kwenye jani. Sasa mbona langu haliitwi nailoni? Swali hilo nilikaa nalo miaka mingi, maana sikuwa na wa kumuuliza.

Mutalemwa alipona, na hapo ndipo ugumu ulipo. Angekufa, tungesema tumechelewa kuyatoa. Alipopona, tukasema ni kwa sababu yametolewa. Hakuna aliyekumbuka kwamba Mama alimnywesha maji ya kuchemsha, kijiko kwa kijiko, mchana na usiku. Ila chonge za Mutalemwa hazikuota. Na zile za ukubwani zilikuja kombo, moja ikachomoza juu kwenye ufizi kama pembe ya mwanambuzi. Akajifunza kucheka kiganja kikiwa mdomoni. Siku ya ndoa yake padri alimwomba ashushe mkono ili kiapo kisikike.

Mimi kusoma nimejua ukubwani, kwenye darasa la jioni pale parokiani. Bango la kwanza nililosoma mwenyewe mpaka mwisho bila kuruka neno lilikuwa ukutani mwa zahanati. Lilisema watoto wote wa miaka sita au saba huanza kung'oka meno ya utoto, ni kawaida. Tena lilisema meno ya nailoni hayapo, hizo ni chonge changa za mtoto. Nikalirudia hilo neno, changa. Nikajishika mdomo nikacheka peke yangu mbele ya wagonjwa. Halafu machozi yakanitoka, nilipomkumbuka Mutalemwa.

Mwaka jana mjukuu wangu Koku akaanza kuharisha. Binti yangu Kemilembe akamfungua mdomo, akaona uvimbe.

"Mama, si wayatoe tu? Mbona mjomba alipona?"

Nikamwita huyo mjomba. Mutalemwa akaja na udongo wa shamba miguuni, akamsikiliza Kemilembe mpaka akamaliza, kisha akashusha kiganja.

"Tazama vizuri," akamwambia. "Kupona kwangu ndiko huku."

Tukaenda zahanati. Koku akapewa ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, akanywa, akapata nafuu. Lakini nilipoomba mtu wa kumwangalia ufizi, nesi akasema wa meno yuko Bukoba. Jibu ni lilelile la enzi za Mama. Hapo ndipo nilipokasirika.

Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akaniuliza kama nataka kuwekewa jino la dhahabu, watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Mwenyekiti, yule mama wa spoku hakutupata kwa sababu sisi ni wajinga. Alitupata kwa sababu alikuwa karibu. Basi na wa meno mleteni karibu."

Mkutano uliofuata nikasimama tena. Na mwingine tena. Walipochoka kuniona wakapeleka ombi wilayani. Sasa mtaalamu wa meno anakuja zahanati yetu kila mwezi, anakaa kwenye chumba cha kliniki ya watoto, na foleni inafika mpaka kwenye mibuni. Mutalemwa ameng'olewa ile pembe yake. Mkono bado unapanda akicheka, ni mazoea, lakini siku hizi unaishia kidevuni. Mara moja kwa mwezi haitoshi, na kuna vijiji havina hata hiyo mara moja. Nitakwenda kusimama na huko.

Bibi simlaumu. Onyo lake lilitimia, ya kwangu yalitoka kweli. Hakuniambia tu kwamba yatakuja mengine, na kwamba ya Mutalemwa yalikuwa njiani, yakikua kama ya watu wote.

Juzi nilipitisha kidole kwenye ufizi wa Koku, palepale alipokuwa akipitisha Bibi. Chonge zimeota, mbili juu, na za chini zinachungulia. Nikataka kuhakikisha, nikabonyeza kidogo.

Akaning'ata.