Mafuta ya Kibuyu cha Emérita

Mama Emérita wa Nyamitaba si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Siku ile mumewe, Papa Sebarenzi, alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, Emérita alifika nyumbani akaikusanya sukari yote na kumpa jirani. Ndizi mbivu nazo marufuku. Mzee akikunja uso kwa chai chungu, anajibiwa: "Kunywa hivyo hivyo, ao unataka niwe mujane?"

Lakini mgonjwa ataishi kwa uchungu mtupu? Katika vilima vya Masisi nani asiyejua dawa ya mwili uliochoka? Mafuta ya ng'ombe! Mke ampendaye mumewe husuka maziwa kwenye kibuyu, akatoa siagi, akaiyeyusha na kuimwaga juu ya maharagwe mpaka yang'ae.

Ng'ombe wao walikuwa wamenyang'anywa na watu wenye bunduki. Kwa miaka kibuyu kilining'inia ukutani, kikavu, na Emérita kimya. Halafu binamu yao wa Karuba akawapa mtamba mmoja. Mtamba alipozaa, Emérita alishusha kibuyu, akaketi mkekani, akaanza kusuka maziwa na kuimba. Jamani, alivyoimba! Sebarenzi aliacha jembe shambani akaja kusimama mlangoni.

"Kula, Papa. Hii haina sukari hata kidogo," alimwambia mezani.

Mzee akala, akalamba na vidole.

Kisha ukaja mguu. Vidole vilianza kuwa baridi, halafu kandambili ikamchubua, na kidonda kile kidogo kikakataa katakata kupona. Emérita akakipaka mafuta yaleyale. Kidole kilipokuwa cheusi, wakampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali.

Daktari akasema mguu lazima ukatwe. Nadine, infirmière anayeuguza wagonjwa wa sukari, alimvuta Emérita pembeni.

"Mama, hii maladi ya Papa haiko ya sukari tu. Mafuta inatembea mu damu ndani ya bifuko bidogo. Kuko bifuko ile inaacha mafuta mu mishipa, na kuko ile inayaokota kuyarudisha kwa maini. Kwa muntu wa sukari, ile ya kuokota inapunguka, ile mubaya inapata nguvu. Mishipa inazibika, damu haifike mu muguu. Na mafuta ya ngombe inazidisha."

Emérita akainua viganja vyake. "Mimi njo nilikuwa namupa. Kila siku, kwa mikono yangu."

"Lakini tulimuelezea Papa yote hii, tangu mwaka jana," Nadine akasema kwa mshangao. "Hakukuambia?"

Emérita alimwacha palepale. Aliingia chumbani kama mvua ya mawe.

"Ulijua? Sebarenzi, ulijua, na ukakula?"

Mzee aligeuza uso ukutani.

"Ulikuwa unaimba," alisema. "Tangu ngombe zetu ziende, sikukusikia kuimba. Nikajua nikikataa mafuta, kibuyu kitarudi kwa ukuta, na wewe utanyamaza tena."

"Si ungeniambia! Ningeimba hata nikipepeta maharagwe, mujinga wewe!" Alipiga godoro kwa ngumi zote mbili, kisha akaanguka juu ya ule mguu, akaukumbatia, akalia mpaka shuka likalowa. Mguu ulikuwa baridi, na Sebarenzi hakusikia hata uzito wa kichwa chake.

Waliukata kesho yake.

Sasa maziwa ya yule ng'ombe yanakwenda kwa watengeneza jibini. Alasiri Emérita huketi uani na ungo wake, na Sebarenzi kwenye kiti mlangoni, magongo yameegemea ukuta.

"Imba kidogo, Mama," anamwomba.

Emérita anafungua kinywa. Anapepeta. Maharagwe yanaruka, yanaanguka, yanaruka tena, na Sebarenzi anangoja, na sauti haitoki.