Mvusha Mizigo wa Nyarubungo

Mashimba alifika Nyarubungo akiswaga ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga, enzi ambazo mtu aliujua mto kwa miguu yake. Sasa ng'ombe wamekwisha, malisho yamekuwa mashamba, na vijana wanautazama mto kwenye simu. Lakini masika yakishuka, vijito vya msituni vikajaa kupita kifua, wenye mabegi mgongoni humtafuta yeye awavushie mizigo. Hajapoteza hata sufuria.

Safari hii aliwaongoza wawili waliokuwa wakitafuta njia ya kupitisha watalii kwa miguu: Joyceline, binti kutoka kijiji cha Mugoma, na Taufiki, ambaye kwao wana duka Lusahunga. Joyceline ana kisukari. Dawa zake za sindano zilikuwa ndani ya begi, na zahanati waliiacha nyuma mwendo wa siku mbili.

Kwenye kijito cha kwanza Taufiki alikaza mkanda wa begi tumboni.

"Babu, hili haliingizi maji."

"Begi haliingizi. Na wewe je?" Mashimba akamfungua mkanda mwenyewe. "Hata ndama hatukumvusha na kamba shingoni. Kinachovuka maji, uweze kukiachia."

"Mimi langu siwezi kuliachia," alisema Joyceline, akilikumbatia. "Nitalibeba kichwani."

"Ukiteleza, mwanangu, itazama dawa na mwenye dawa."

Mzee alichomoa panga. Alikata mafunjo, akayafunga matita mawili, akayaunganisha yawe chelezo. Kamba yake ya ngozi ya ng'ombe, aliyoisokota mwenyewe, aliifunga kwenye mti, akaogelea na ncha mkononi, hakujifunga kiunoni. Ng'ambo aliifunga chini zaidi kufuata mkondo. Watu wa leo wangeinyoosha moja kwa moja, kisha wakashindana na maji. Yeye aliyatuma maji yafanye kazi.

Begi la Taufiki lilivuka juu ya mafunjo kwa kitanzi kilichoteleza kwenye kamba. Mafunjo yakarudishwa kwa kamba ya pili iliyofungwa nyuma yake, aliyoishika Joyceline. Likafuata begi la dawa.

Katikati, gogo likashuka na mkondo, likayagonga mafunjo. Joyceline akavuta kwa nguvu zake zote. Ubavu mmoja ukazama, maji yakaanza kulamba begi.

"Achia!" Mashimba alifoka.

"Litakwenda!"

"Unalizamisha wewe! Achia!"

Mikono ya Joyceline haikutaka kuachia. Taufiki alimtazama, hakuthubutu kumgusa. Kisha Joyceline akafumbua vidole, kamba ikamchomoka. Mafunjo yakainuka, gogo likapita chini yake, na mkondo ukayasukuma kwa mteremko wa kamba mpaka miguuni pa Mashimba.

Vijana wakavuka wakishikilia kamba. Joyceline akafungua begi. Chupa ya dawa ilikuwa kavu, nzima. Alijidunga, kisha akala kiporo cha ndizi.

"Ungeniambia mapema kwamba nitaachia," alisema akifunga begi.

"Nilikwambia. Siku hizi watu husikia wakishalowa."

Taufiki alicheka peke yake.

Saa nane walifika kijito cha pili, chenye kina zaidi ya cha kwanza. Mzee alikuwa hata hajashika panga lake la kukatia mafunjo. Joyceline alivua begi, akamkabidhi.

"Anza na hili, babu."

Mashimba akalipokea kwa mikono miwili.